Tofali na Riwaya: Kuisoma Nyumba ya Shamba ya Kiingereza

Katika uhakiki wa riwaya, neno mandhari limedhulumiwa kwa muda mrefu. Mwanafunzi akiulizwa mandhari ya riwaya fulani hutaja mahali na wakati, akapiga mstari chini, kisha akahamia kwa wahusika na dhamira kana kwamba amekwisha kulipa ushuru wa kuingilia. Nyumba ndiyo inayoathirika zaidi na mazoea haya. Huhesabiwa kuwa chombo ambamo watu wamewekwa, nacho chombo hakisemi neno. Lakini nyumba hujengwa na mtu mwenye nia, hukarabatiwa na mwingine mwenye nia tofauti, na baadaye huelezwa na mtunzi ambaye naye ana nia yake. Kwa hiyo ina lugha, ina mazungumzo, na mara nyingi ina ugomvi.

Riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya vimeisoma, imejaa nyumba za shamba za matofali mekundu zilizojengwa katika karne ya 18 na kubadilishwa katika karne iliyofuata. Wenyewe Waingereza huzigawa nyumba hizo kwa majina ya watawala: enzi ya akina George, wafalme wanne waliotawala mmoja baada ya mwingine kuanzia 1714 hadi 1830, na enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Mgawanyo huu ni wa kikalenda tu, na waashi wa vijijini hawakubadilisha mkono wao siku mfalme alipozikwa. Hata hivyo una manufaa, kwa sababu nyumba iliyopitia enzi zote mbili huonyesha mikono miwili kama hati ya kale inavyoonyesha mikono ya wanakili wawili.

Inafaa kuanza na tofali lenyewe. Lilitengenezwa karibu na mahali pa kujengea, kwa udongo uliochimbwa hapo hapo, ukafinyangwa ndani ya kiunzi cha mbao na kuchomwa kwa kuni au makaa. Rangi yake ni rangi ya ardhi: wekundu wa kutu katika wilaya za kati za Uingereza, umanjano uliopauka mashariki karibu na Cambridge, na nyekundu yenye madoa ya kijivu kusini. Moto wa tanuri haukuwa sawa kila upande, kwa hiyo hakuna matofali mawili yaliyofanana kabisa, na ukuta wa nyumba hiyo unapopigwa na jua la jioni huonekana kama kitambaa kilichofumwa. Mfumo wenyewe wa kufuma ulipendwa sana: katika kila safu tofali moja limelazwa kwa ubavu, linalofuata kwa kichwa, kisha ubavu, kisha kichwa, bila kukoma. Hesabu hii ya mapigo mafupi na marefu haina budi kumvutia mtu yeyote aliyewahi kufundisha mizani ya shairi. Mwashi asiyejua kusoma aliitunza kwa vidole.

Hata tofali hili la mkulima halikuwa nje ya siasa. Mwaka 1784 serikali ya Uingereza, ikiwa na madeni ya vita iliyoshindwa Marekani, ilitoza kodi kwa kila tofali elfu moja. Watengenezaji wakajibu kwa werevu: kama kodi ni kwa idadi, tofali likiwa kubwa kodi hupungua. Huko Measham, katika jimbo la Leicestershire, Joseph Wilkes alitengeneza matofali makubwa mno, na nyumba zilizojengwa kwa hayo zingaliko, zikiwa na sura kama ya kitabu kilichochapishwa kwa herufi za watoto. Serikali nayo ikazidisha kodi ya matofali makubwa. Kodi yenyewe haikuondolewa mpaka 1850.

Madirisha yana kisa chao. Kodi ya madirisha ilianza mwaka 1696 na kudumu hadi 1851, na watembezaji wa wageni hupenda kuonyesha kila dirisha lililozibwa kwa matofali na kusema kwamba hiyo ni kazi ya kodi. Yako yaliyozibwa kwa sababu hiyo, bila shaka. Lakini mengi hayakuwahi kuwa madirisha. Fundi aliyachora ukutani kama madirisha bubu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na dohani au ukuta wa kati, na uso wa nyumba haukuruhusiwa kupungukiwa na jicho. Kosa la watembezaji linafundisha jambo. Wanatafuta sababu nje ya nyumba, katika historia ya kodi, wakati sababu imo ndani ya kanuni za nyumba yenyewe. Wahakiki wa fasihi hukosea vivyo hivyo kila mara.

Na kanuni ilikuwa kali. Mlango katikati, dirisha moja au mawili kila upande, ghorofani madirisha matano, au matatu, yaliyopangwa sawasawa juu ya yale ya chini. Juu ya mlango, kioo cha nusu duara au kipande kidogo cha mbao kilichochongwa kuiga hekalu la Kirumi. Madirisha yalikuwa ya fremu mbili zinazopanda na kushuka kwa kamba na vipande vya risasi vilivyofichwa, na kila fremu iligawanywa kwa vijiti vyembamba kuwa vioo vidogo, aghalabu sita juu na sita chini. Mkulima hakuyapata haya chuoni Roma. Aliyapata katika vitabu vya michoro vilivyouzwa kwa maseremala na waashi. Daniel Garret alitoa kitabu cha michoro na makisio ya nyumba za shamba mwaka 1747, naye Isaac Ware akachapisha juzuu lake kubwa la ujenzi mwaka 1756. Kwa hiyo nyumba ya shamba ya wakati huo ni matini iliyotokana na matini. Fundi wa kijiji alinakili, akapunguza, akakosea vipimo, na mara nyingine kosa lake likapendeza kuliko mchoro.

Mara nyingi, isitoshe, uso huo ulikuwa kinyago. Nyuma ya ukuta wa matofali uliopangwa kwa nidhamu kulikuwa na nyumba ya zamani ya nguzo za mwaloni na udongo, yenye dari iliyoinama na vyumba visivyolingana. Mwenye nyumba alipopata fedha alijenga ukuta mpya upande wa mbele tu, upande unaoonekana na wapita njia, akauacha wa nyuma ulivyo. Mtu akizunguka nyumba kama hiyo hutoka karne moja na kuingia nyingine kwa kugeuka pembe.

Fedha hizo zilitoka wapi? Hili ndilo swali ambalo vitabu vizuri vya picha vya nyumba hizi hulikwepa. Zilitoka kwenye ngano na sufu, na pia katika sheria za kuzungushia ardhi ua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikigusa takriban eka milioni 6.8, na kipindi chake kikali ni kile hasa cha akina George. Ardhi ya malisho ya wote iligawanywa kwa hati; mwenye hati akapata shamba lililo pamoja, na mwenye ng'ombe mmoja asiye na hati akapata ujira wa siku. Nyumba nyingi za matofali zinazosimama peke yake katikati ya mashamba, mbali na kijiji, zilijengwa baada ya mgawanyo huo. Upweke wake, unaowafurahisha sana wachoraji, ni matokeo ya sheria. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa.

Ndani ya nyumba, moyo ulikuwa jikoni. Yafaa kusita juu ya neno hili, maana jiko la Mswahili, mahali pa mafiga na moshi nyuma ya nyumba, si chumba kile. Jiko la shamba la Kiingereza la mwaka 1760 lilikuwa ukumbi: meko makubwa ambamo mtu mzima aliweza kuingia, sakafu ya mawe, meza ndefu ya mwaloni na mabenchi. Hapo ndipo walipokula mkulima, mkewe, wanawe, na vijana wa kazi walioajiriwa kwa mwaka mzima, ambao walilala chini ya paa lile lile, katika dari. Kando yake kulikuwa na chumba cha maziwa upande wa kaskazini, ili kipoe, na upande wa pili wa mlango sebule, iliyofunguliwa kwa harusi, maiti na kasisi. Mfasiri atakayeandika "jiko" na "sebule" bila kufikiri atakuwa ameuhamisha mpaka wa heshima. Lugha ya pwani ya Kenya ina daka, ukumbi, sabule na ndani, na kila neno lina kiwango chake cha kumruhusu au kumzuia mgeni. Lakini mpangilio huo huongozwa na mgeni na stara ya jamaa. Ule wa Kiingereza uliongozwa na kazi na tabaka. Hakuna neno litakaloziba pengo hilo peke yake. Ni sentensi nzima itakayoliziba, na mfasiri mvivu huziogopa sentensi.

Mnamo Oktoba 1825 William Cobbett, mwandishi na mwanasiasa aliyezunguka vijiji vya kusini akiwa juu ya farasi, alifika kwenye mnada wa vyombo vya shamba karibu na Reigate. Kisa hicho kimo katika kitabu chake cha safari, Rural Rides, kilichotoka mwaka 1830. Aliikuta meza ndefu ya mwaloni, mabenchi, na makabati mazito, vyote vimekauka kwa kutotumiwa, na ndani ya nyumba hiyo hiyo akaikuta sebule mpya yenye zulia, vioo vya mvinyo, na kamba ya kuvutia kengele. Hasira yake haikuwa juu ya zulia. Ilikuwa juu ya kengele. Kwa maoni yake, mkulima ambaye zamani aliwalisha vijana wake mezani sasa aliwalipa fedha na kuwatuma wakale watakapojua, kwa kuwa bei ya nafaka ilimfanya aone uchungu wa kila kipande cha mkate walichotia kinywani. Cobbett alikuwa mtu wa kuzidisha mambo, na zamani yake ilikuwa tamu kuliko zamani ya kweli. Lakini alikuwa na jicho. Aliona kwamba mabadiliko ya umiliki na ujira yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika samani kabla hayajaandikwa vitabuni.

Hapa ndipo enzi ya Victoria inapoingia, na inaingia kwa fujo. Kodi ya kioo iliondolewa mwaka 1845, ya tofali 1850, ya madirisha 1851. Reli ikaleta vibamba vyembamba vya jiwe la Wales hadi wilaya ambazo hazikuwahi kuezeka kwa chochote ila vigae vya udongo au nyasi. Matokeo yake yanaweza kusomwa katika nyumba yoyote ya aina hii. Dirisha la sebule hubomolewa, na mahali pake hutokeza nje chumba kidogo cha vioo chenye pande tatu. Vijiti vyembamba huondolewa, na fremu hupewa kioo kimoja kikubwa. Sakafu ya mawe ya ukumbi hufunikwa kwa vigae vya rangi vilivyotengenezwa kwa mashine. Meko ya jikoni huzibwa kwa jiko la chuma. Na nyuma, upande usioonekana, hujengwa ubawa mrefu wenye mlango wake, ngazi zake na kengele zake, ili mtumishi aweze kuzaliwa, kufanya kazi na kuzeeka bila kukutana na mgeni hata mara moja.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wa madirisha wanalijua na wahakiki wangefaa kulijua. Kioo kikubwa ni kizito. Fremu ya zamani ilishikwa imara na vijiti vyake vingi. Fremu mpya, isiyo na vijiti, ililegea pembeni. Basi seremala wa karne ya 19 akaacha miimo ya fremu ya juu itokeze kidogo chini ya kiungo, mfano wa vipembe viwili, ili kiungo kisifumuke. Baadaye akaanza kuvichonga vipembe hivyo vipendeze. Leo mtu anayetaka kujua umri wa dirisha huvitazama kwanza. Pambo hilo lilizaliwa na udhaifu, na udhaifu ulizaliwa na tamaa ya kuona nje bila kizuizi.

Watu wa ladha wamezoea kuichukia kazi hii ya Kivikitoria. Husema iliharibu uwiano, ikatia makengeza katika uso uliokuwa mtulivu. Dai hili lina ukweli wa macho. Dirisha lililotokeza upande mmoja tu huiondoa nyumba katika mizani yake kama mshororo wenye silabi mbili zaidi. Lakini chuki hiyo husahau kuuliza ule utulivu ulikuwa wa nani. Uso wa akina George haukusema chochote juu ya yaliyokuwa nyuma yake: jikoni na sebuleni kulipewa madirisha sawa kabisa, hata mpita njia asijue ni upande gani watu wanakula na ni upande gani wanaomba radhi. Mvikitoria aliivunja siri hiyo. Alipoipa sebule jicho kubwa na kuupeleka uchochoro wa watumishi nyuma, alitangaza ukutani tofauti iliyokuwepo tayari. Nyumba ikawa mbaya zaidi na kweli zaidi.

Mfano ambao umehifadhiwa vizuri, na ambao hati zake zinasomeka, ni Down House katika kijiji cha Downe, Kent, kusini-mashariki mwa London. Ilianza kama nyumba ya shamba ya karne ya 17, ikajengwa upya na kupanuliwa mwishoni mwa karne ya 18, na mwaka 1842 Charles Darwin akainunua. Leo imepakwa nyeupe, hata matofali yake hayaonekani kwa urahisi, na hilo litawachukiza wapenda tofali. Darwin mwenyewe hakuipenda sura yake. Katika barua kwa dada yake mwezi Julai mwaka huo aliieleza kuwa nyumba isiyovutia, isiyo ya kale wala mpya, yenye kuta nene na madirisha madogo. Kisha akaishi humo miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1882, na katika muda huo hakuacha kuirekebisha. Mwaka 1843 aliujengea upande wa bustani tumbo la madirisha lililopanda ghorofa zote tatu. Akaishusha barabara iliyopita mbele kwa kiasi cha futi mbili na kujenga ukuta wa mawe ya gumegume, ili wapita njia wasimwone. Nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea aliweka kioo cha kujitazamia, kilichomwezesha kumwona mgeni anayekuja kabla mgeni hajamwona yeye. Sebule mpya, pamoja na chumba cha kulala juu yake, ilijengwa mwaka 1858. Veranda ikafuata 1872.

Lililo na uzito kuliko yote halimo katika orodha hiyo ya fahari. Mwaka 1845 Darwin alimwandikia dada yake Susan kuhusu ujenzi wa upande wa jikoni. Watumishi walikuwa wamelalamika kwamba hapakuwa na njia ya kupitishia vitu isipokuwa jikoni kwenyewe, na akaona ni ubinafsi kuifanya nyumba iwe ya anasa kwa jamaa yake huku watumishi wakitaabika. Ni barua ya mtu mwema. Pia ni barua ya mtu wa enzi yake, kwa kuwa dawa aliyoipata ni ile ile ya kila mwenye nyumba wa miaka hiyo: kugawanya njia. Malalamiko ya watumishi yalisikika, yakajengwa, na kwa kujengwa yakawaweka mbali zaidi. Huenda wao waliufurahia umbali huo. Kazi isiyotazamwa ina raha zake. Barua haisemi, na ukuta pia hausemi.

Baada ya mjane wake Emma kufariki mwaka 1896, nyumba hiyo ilikodishwa, ikawa shule ya wasichana kuanzia 1907, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929. Shirika la English Heritage liliichukua mwaka 1996 na kuifungua tena miaka miwili baadaye. Chumba cha kusomea kilikuwa kimekwisha kurudishwa katika hali yake ya zamani kwa msaada wa kumbukumbu za Leonard, mwana wa Darwin, aliyekuwa mzee wakati huo. Hapana aliyependekeza kwa dhati kuubomoa upanuzi wa 1843 au wa 1858 ili nyumba ya karne ya 18 ionekane, kwa kuwa mtu mashuhuri ndiye aliyeupanua. Nyongeza ya Kivikitoria husamehewa ikiwa mwenye kuongeza ana jina. Katika nyumba za wakulima wasio na jina, nyongeza kama hizo zimebomolewa kwa mamia, vioo vikubwa vimetolewa na vijiti vyembamba kurudishwa, na mwenye nyumba husema kwamba ameirudishia nyumba uso wake wa asili.

Dhana hii ya asili inahitaji kutiliwa shaka. William Morris alipoanzisha mwaka 1877 chama cha kulinda majengo ya kale, adui yake hakuwa mbomoaji. Alikuwa mkarabati: msanifu anayekwangua tabaka zote hadi afike karne anayoipenda, kisha akajaza mapengo kwa kubuni. Makanisa ndiyo yaliyomshughulisha kwanza, lakini hoja inaingia moja kwa moja katika nyumba ya shamba. Wahariri wa tenzi za Kiswahili wanalijua tatizo hili kwa jina jingine. Mbele yao huwa na nakala kadhaa za hati za Kiarabu, kila moja na beti zake za ziada, na kishawishi cha kuunda utenzi mmoja safi ambao haukuwahi kuimbwa na mtu yeyote. Mhariri mwadilifu huziacha beti za mnakili zionekane, akaeleza ni za nani. Wapo wasiokuwa waadilifu, na matoleo yao ni laini sana kusomwa.

Hoja hii ndiyo inayoirudisha nyumba kwenye riwaya. Mary Ann Evans, aliyeandika kwa jina la George Eliot, alizaliwa Novemba 1819 katika shamba la Arbury, Warwickshire, na miezi michache baadaye wazazi wake wakahamia Griff House, nyumba ya matofali mekundu karibu na Nuneaton. Aliishi humo hadi 1841, baba yake Robert Evans alipostaafu kazi ya kusimamia mashamba ya jamaa ya Newdigate na kumwachia kaka yake Isaac nyumba. Dari ya nyumba hiyo hutajwa mara kwa mara kuwa ndiyo iliyozaa kimbilio la Maggie katika The Mill on the Floss ya mwaka 1860. Lakini riwaya yenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni Adam Bede, iliyotoka 1859 na ambayo matukio yake yanaanza mwaka 1799.

Shamba la akina Poyser katika riwaya hiyo linaingiwa kwa namna ya ajabu. Msimulizi humpeleka msomaji kwenye lango la mbele lililoshikwa na kutu, ambalo halifunguliwi kamwe, na kumtaka aweke uso wake kwenye kioo cha dirisha kama mdukuzi. Ndani ya chumba cha upande mmoja mna sakafu tupu, sufu iliyorundikwa na magunia matupu. Upande wa pili mna vyombo vilivyotupwa na mwanasesere wa mbao. Matofali yamepauka kwa kuvu. Nyumba ilikuwa ya bwana, sasa ni ya mpangaji, na uhai wake wote umehamia nyuma, jikoni na uani. Wahakiki wengi wamesifu uhalisi wa kipande hiki na kupita. Wachache wamesita kutambua kwamba msimulizi anamfanya msomaji wa 1859 atende lile ambalo usanifu wa enzi yake ulilikataza: kuacha sebule na kuingia kupitia jikoni.

Karibu na mwisho wa riwaya kuna karamu ya mavuno, ambapo vibarua wote wameketi kwenye meza moja ndefu, bwana Poyser akikata nyama kwa mkono wake. Ni meza ya Cobbett kabla ya mnada. Eliot hakuwa na ndoto za Cobbett. Vibarua wake ni wavivu, wagomvi, na mmoja wao ana historia ya wizi. Hata hivyo anawaketisha. Mwandishi aliyeishi London, miaka 60 baada ya mwaka anaousimulia, anaitazama nyumba ya akina George kupitia kioo kikubwa cha Kivikitoria, kisicho na vijiti. Kuna mambo ambayo ni kioo hicho tu kingemwezesha kuyaona, na kuna joto ambalo lazima lilipotea kwa sababu ya ukubwa wake. Kwa maana hiyo Adam Bede yenyewe ni ubawa uliojengwa baadaye. Anayeusoma kama picha ya 1799 anamsahau fundi, na anayeusoma kama mawazo ya 1859 tu anasahau kwamba ubawa umeegemea ukuta uliokuwepo, na kwamba ukuta huo ulipangwa na mikono ya watu.

Griff House ingali imesimama kando ya barabara kuu. Iligeuzwa kuwa mkahawa wenye hoteli, ikaongezewa majengo ambayo si akina George wala Victoria wangeyatambua, na wasafiri wengi waliokula na kulala hapo hawakuja kwa ajili ya riwaya yoyote.